Rekodi ya ukoo ilikuwepo jana leo haipo: pa kuitafuta, na namna ya kuihifadhi kabla haijapotea tena

Jamani za saa hizi. Naandika hii kwa sababu haupiti mwezi bila mtu kunitumia voisi akilalamika jambo lile lile, mara "mti wetu wa ukoo umechezewa", mara "ile karatasi ya ubatizo ya bibi niliiona kwa macho yangu mtandaoni sasa haifunguki". Na mimi yamenikuta. Niliingiza ukoo wa upande wa baba, watu wa Pangani na Tanga mjini na wengine waliovuka wakaenda Mombasa na Maskati, nikafanya kazi usiku kwa usiku kwenye tovuti moja ambayo mti ni wa watu wote (jina siitaji, na kosa nusu lilikuwa langu). Siku moja naingia namkuta babu yangu ameunganishwa na babu yake. Yani mtu kawa babu wa yeye mwenyewe, wake watatu wa huyu wamehamia kwa yule, na shangazi yangu kazaliwa miaka 40 kabla ya mama yake. Nilicheka kwanza, halafu nikakasirika, halafu nikakumbuka kwamba sina kopi hata moja ya nilichoandika.

Kwanza jua kilichopotea ni kipi

Neno "imepotea" tunalitumia ovyo. Kuna mti, yani majina na uhusiano ambao mtu kakaa akauandika. Kuna faharasa, ile orodha ya majina ambayo mtu wa kujitolea au kompyuta imeyasoma kwenye karatasi ya zamani ili wewe uweze kusachi. Na kuna picha ya karatasi yenyewe, daftari la kanisa, orodha ya abiria wa meli, cheti. Mti ukibadilika, aliyebadilisha ni mtu kama wewe na unaweza kumfuata. Faharasa ikipotea mara nyingi picha bado ipo pale pale, imekosa tu mlango wa kuingilia. Picha ikifungwa mara nyingi haijafutwa, ni ruhusa ndo imebadilika. Tovuti nzima ikizimwa, hapo ndo msiba, ila hata hapo kuna pa kuanzia.

Kabla hujamlaumu mtu hakikisha vitu vya kijinga. Umelogini? Kwa akaunti ipi, maana wengi tuna mbili, moja ya imeili ya zamani ya kazini na moja ya simu. Usajili umeisha? Kwa mfano Ancestry, tovuti ya ukoo ya kulipia, ukiacha kulipa mti wako unabaki lakini rekodi nyingi ulizozitundika kwenye majina huzifungui tena, watu wanadhani zimefutwa kumbe zipo nyuma ya malipo. Halafu jaribu tahajia nyingine. Hamisi ni Khamis, Saidi ni Said, Muhammad anaandikwa namna kumi. Kwenye daftari za wakati wa Mjerumani ndo kabisa, wale waliandika Kilimandscharo na Dschagga, kwa hiyo jina lenye ch au j linaweza kuwa limejificha huko. FamilySearch, ile tovuti ya ukoo ya bure nitakayoieleza hapo chini, inakubali alama ya nyota mahali pa herufi usizozijua, andika Ham* uone wanakuja akina nani. Nusu ya "zimepotea" ninazoletewa zinaishia hapa.

Mti ukichezewa

FamilySearch ni ya kanisa la Wamormoni kule Utah, ni bure, na mti wake ni mmoja tu kwa dunia nzima. Marehemu wako sio wako peke yako, yeyote mwenye akaunti anaweza kumbadilisha jina, kumwongezea mtoto au kumuunganisha na mtu mwingine. Geni na WikiTree nazo zina mti wa pamoja, kila moja na taratibu zake. Ancestry na MyHeritage ni tofauti, kule kila mtu ana mti wake na mwingine hagusi mpaka umwalike. Sisemi ipi bora. Mti wa pamoja una faida kubwa kwetu sisi ambao ndugu wametawanyika, mimi nimempata binamu wa baba Maskati kwa njia hiyo hiyo, ila ujue unapanda mnazi kwenye kiwanja cha jumuiya.

Ukikuta mambo yamevurugika usianze kurekebisha moja moja kwa hasira. Fungua ukurasa wa mtu huyo, tafuta sehemu inayoonyesha mabadiliko ya karibuni, bonyeza uone orodha yote. Pale utaona nani kabadilisha nini, lini, na kama kaandika sababu. Skrinshoti kwanza hiyo orodha. Kisha kila badiliko unaweza kulirudisha lilivyokuwa, na hata mtu aliyefutwa kwa kuunganishwa anarudishwa. Cha muhimu ni kuwahi. Kama watu wameshaendelea kuongeza vitu juu ya ule muungano, kuutengua kwa mkupuo inakuwa ngumu, inabidi umrudishe aliyefutwa halafu urudishe wake na watoto mmoja mmoja, kazi ya wikiendi nzima na bando linaisha.

Ndio maana nasisitiza namba. Kila mtu kwenye FamilySearch ana namba yake, alama nne za herufi na tarakimu zikichanganywa, kistari, halafu nyingine tatu. Iandike kwenye daftari pembeni ya jina. Jina likibadilishwa ukisachi humpati, lakini ukiingiza namba unafika kwake, na kama aliunganishwa ile namba ya zamani inakupeleka kwa yule aliyebaki. Pia kuna kitufe cha kumfuatilia mtu, ukikibonyeza wanakutumia imeili mtu huyo akiguswa. Mimi nafuatilia wale wenye utata tu, kama dazeni hivi, ukifuatilia ukoo mzima utaacha kuzisoma hizo imeili mwezi wa pili.

Halafu mwandikie aliyebadilisha, ndani ya tovuti kuna ujumbe. Usiende kwa matusi, mara nyingi ni bibi mmoja wa Marekani anasafisha majina asubuhi akinywa kahawa yake, kompyuta imemwambia "hawa wanafanana" naye kabonyeza. Mimi huandika hivi, halafu naweka na tafsiri ya Kiingereza chini yake: "Habari ndugu. Naona uliunganisha hawa wawili. Hawa ni babu na mjukuu, wamefanana majina kwa sababu kwetu mtoto hupewa jina la babu yake. Nimewatenganisha na nimeweka maelezo. Kama una karatasi inayoonyesha vingine naomba tuiangalie pamoja." Mara nyingi najibiwa vizuri. Asipojibu na akarudia, usiingie vita ya kurudishiana, jaza ushahidi mpaka mwenyewe aone aibu kugusa.

Hapa ndo penye kiini cha matatizo yetu wa pwani, ngoja nikae kidogo. Kompyuta za hizi tovuti zimezoea majina ya ukoo ya Kizungu. Sisi mtu ni jina lake, la baba, la babu. Tuseme Ali Juma kazaa Juma Ali, na Juma Ali kampa mwanawe wa kwanza jina la babu, basi una Ali Juma mwingine, mji ule ule, tarehe zote "kama hivi". Mashine inaona mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Dawa yake ni kuandika jina lote hata kama linaonekana refu, bin nani bin nani, ukiwa na la babu wa tatu liweke, na laqabu pia, na jina la kabila au nisba (jina la asili, la mji au ukoo wanakotoka) kama wanalo.

Wanawake. Bibi zetu hawakubadili majina walipoolewa, ni binti fulani mpaka kaburini, ila mchangiaji wa mbali akimkuta mke hana jina la mumewe anadhani limesahaulika anamwekea. Andika kwenye maelezo kwamba hilo ndo jina lake. Na mume mwenye wake watatu kwa wakati mmoja sio kosa la data, weka mwaka wa kila ndoa hata wa kukisia mtu asije akamfuta mmoja kwa kudhani ni yule yule.

Na hili ni letu wenyewe, wazungu hawahusiki: baba mdogo na baba mkubwa. Mpwa wako wa Dar anamhoji mzee, mzee anasema "huyu ni baba yangu" akimaanisha baba mdogo, kijana anaingiza baba wa pili. "Ndugu yangu" inageuka kaka wa tumbo moja kumbe ni mtoto wa mama mkubwa. Ukihoji uliza kila mara, "tumbo moja?", hata kama mzee atakuona huna adabu kidogo.

Tarehe pia. Ukiandika 1 Januari 1920 kwa sababu fomu ilitaka tarehe, baada ya miaka miwili hiyo tarehe inakopiwa kwenye miti mingine kama ukweli. Andika "karibu na" au "kati ya", na kwenye sababu andika umejuaje. Tuseme bibi anakwambia kaka yake alizaliwa mwaka ule Waingereza walipokuja kupigana Tanga na nyuki wakawavamia, hiyo ni Novemba 1914, vizuri kabisa, lakini andika na maneno ya bibi yenyewe ili mwingine aone hukuota. Mahali nako, Tanga ya 1910 ilikuwa chini ya Mjerumani, ya 1930 ni Tanganyika, Tanzania inaanza 1964. Mtu akibadilisha nchi kwenye rekodi yako huenda yuko sahihi kuliko wewe, mwache.

Kile kisanduku cha "sababu ya badiliko" ambacho wote tunakiruka, kijaze. Mtu akitaka kufuta anakutana na maneno yako kwanza.

Kitu kingine, walio hai. FamilySearch humficha mtu aliye hai, kwa kawaida anaonekana na aliyemuingiza tu. Kwa hiyo ukimuingiza mama kwenye akaunti yako na dada yako akamuingiza kwenye yake, hamwonani, kila mmoja anadhani mwenzie hajafanya kazi. Sio hitilafu. Na usijaribu kulikwepa kwa kumuandika mtu hai kama marehemu ili aonekane, nimeona watu wanafanya, ni mkosi na ni kosa, Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ilipitisha ya kwake 2022.

Picha ya karatasi imefungwa

Kuna siku unafungua picha uliyoiona mwaka jana unakuta alama ya kamera yenye ufunguo, au maneno kwamba haipatikani hapo ulipo. Hizi tovuti nyingi haziimiliki karatasi. Karatasi ni ya kanisa, ya nyaraka za taifa, ya manispaa, tovuti imeingia mkataba wa kuionyesha. Mkataba ukibadilika au sheria ya nchi ikibadilika, picha inafungwa usiku mmoja. Marekani kwa mfano ile orodha ya vifo ya mfuko wa jamii ilikuwa wazi kabisa, mwaka 2011 zikaondolewa rekodi kama milioni 4.2 zilizotoka kwenye majimbo, na tangu 2014 kifo hakiwekwi wazi kwa umma mpaka ipite miaka mitatu. Mwenye ndugu aliyefia kule anasachi hapati anadhani ndugu hakuandikwa. Ireland nao waliweka faharasa ya vizazi, ndoa na vifo mtandaoni, Julai 2014 wakaitoa yote kwa sababu ilionyesha habari za watu walio hai, 2016 ikarudi ikiwa na mipaka: vizazi vya miaka 100 iliyopita na zaidi, ndoa 75, vifo 50. Kwa hiyo "imeondolewa" wakati mwingine maana yake subiri.

Kwa FamilySearch, picha zenye ufunguo nyingi zinafunguka ukienda kwenye kituo chao au maktaba waliyoshirikiana nayo. Vituo viko kwenye baadhi ya makanisa yao, ramani iko kwenye tovuti, huhitaji kuwa muumini na hakuna anayekuhubiria. Piga simu kabla, saa zao ni za kujitolea. Nenda na flashi.

Ukikosa hata huko unahitaji zile namba. Kila kundi la picha lina namba ya filamu (ule mkanda ambao zamani karatasi zilipigwa picha) au namba ya kundi la dijitali, na kila picha ina namba yake ndani ya kundi, na ukurasa unasema karatasi yenyewe inatunzwa wapi. Waliskani rundo kubwa, karibu filamu milioni 2.4, kazi iliisha 2021, na faharasa zinaendelea kutengenezwa upya, zinaunganishwa, zinabadilishwa vichwa. Jina la mkusanyiko linaweza kubadilika, namba ndo inakupeleka. Ukiwa nayo unaweza kuingia kwa picha bila faharasa, au ukaenda kwa mwenye karatasi, parokiani, Nyaraka za Taifa, ukasema nataka daftari fulani la mwaka fulani ukurasa fulani. Mtunza daftari anakuona mtu wa maana, tofauti na yule anayekuja kusema "natafuta babu yangu".

Ukikopi linki kopi ile ya kudumu. Kwenye FamilySearch utaona ndani yake neno ark na namba 61903, inaishia kabla ya alama ya kuuliza. Yanayofuata alama ya kuuliza ni takataka za usachi wako wa siku ile.

Na kumbe nyingine zinaibuka badala ya kupotea. Wapagazi na askari wa Afrika Mashariki wa vita ya kwanza, hao waliotuachia jina la Kariakoo, kwa miaka mingi ukitafuta majina yao kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hupati kitu. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo kama uliwahi kusachi babu ukaambiwa hakuna, andika tarehe uliyosachi, halafu rudia kila baada ya mwaka.

Tovuti nzima imezimwa

Hii haitoi taarifa ya kutosha siku zote. GeoCities ilifungwa Oktoba 2009 na kurasa za koo za watu chungu nzima zikaondoka nayo. Ysearch, ya kulinganisha DNA, ilizimwa Mei 2018 sheria ya data ya Ulaya ilipokuwa inaanza. RootsWeb, tovuti ya zamani ya watafiti wa koo, ilizimwa mwishoni mwa 2017 baada ya taarifa za watumiaji kuvuja, vipande vikarudi polepole, vingine havikurudi kama vilivyokuwa.

Chukua linki ya zamani, nenda Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la kopi za kurasa za zamani za mtandao, pesti pale, utapewa kalenda ya siku walizoipiga picha. Usibonyeze ya mwisho tu, hiyo mara nyingi ni ukurasa wa "tumefunga", rudi miaka miwili mitatu nyuma. Huna linki? Tafuta kwenye imeili zako za zamani, kwenye WhatsApp ya ukoo, kuna mtu aliituma. Ila Wayback haiingii kwenye kurasa za kulogini wala haifanyi usachi ndani ya tovuti iliyokufa, kwa hiyo mti wako wa siri hautaukuta huko. Na kurasa zilizo wazi ambazo bado zipo, zihifadhi mwenyewe leo, pale pale kuna sehemu ya kuomba ukurasa uhifadhiwe, ni kupesti linki tu.

Sasa utaratibu wa kila siku

Ukipata rekodi daunlodi picha siku hiyo hiyo. Usiseme kesho nikiwa na wifi. Ikikataa kudaunlodi piga skrinshoti mbili, moja ya ukurasa wote inaonyesha anuani juu, moja ya mstari wenye jina kwa karibu. Faili lipe jina la kueleweka, mwaka mwanzo, halafu mahali, aina, jina la mtu, sio IMG_4471. Kwenye daftari au jedwali andika mstari mmoja: tovuti gani, jina la mkusanyiko, namba ya kundi, namba ya picha, linki, tarehe uliyoiona, na karatasi yenyewe iko wapi. Dakika tatu. Mimi nilikuwa naona uvivu, sasa hivi naona uvivu zaidi kuitafuta upya.

Mti wenyewe udaunlodi kama faili la GEDCOM angalau mara mbili kwa mwaka. Ni mfumo wa tangu 1984, ni maandishi matupu, hata Notepad inalifungua, na karibu kila programu ya ukoo inalisoma. Ancestry na MyHeritage wana sehemu ya kulitoa kwenye mipangilio ya mti. FamilySearch yenyewe haitoi, unahitaji programu inayoungana nayo kama RootsMagic au Ancestral Quest kuvuta watu wako. Ukishalipata lifungulie kwenye Gramps, ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Angalia jambo moja, faili la kawaida la GEDCOM linabeba maneno, picha halibebi, kwa hiyo folda ya picha inatunzwa mbali na hilo. Weka kopi kwenye laptopu, kwenye diski ya nje, na kwa ndugu mwingine anayeishi mji mwingine. Flashi moja kwenye droo siihesabu.

Sauti za wazee zirekodi na simu, faili liwe lako, lisikae ndani ya aplikesheni ya mtu. Anza kwa kutaja tarehe, mahali, nani anaongea. Kwa koo zetu nyingi hakuna karatasi nyuma ya hapo, sauti ya bi mkubwa ndo rekodi, na hiyo hakuna mkataba wa kuifunga.

Halafu printi. Kwenye Idi iliyopita niliprinti kurasa 11 nikampelekea shangazi Pangani, zikarudi na majina sita yamekatwa kwa kalamu nyekundu, na moja limeongezwa pembeni, mtoto aliyefariki mdogo ambaye hakuna tovuti iliyowahi kuwa naye.